Kadi na Matatu: Tarehe ya Karata Mpakani

Karata ziliingia Afrika Mashariki kwa njia ya bahari. Vasco da Gama alitia nanga Mombasa Aprili 1498, na kuanzia 1593 Wareno wakajenga Ngome ya Yesu, wakakaa humo hadi Waomani walipowatoa mwaka 1698. Sheria yao ya karata haikutoka nao. Kopa, shupaza, pau, uru na turufu ni urithi wao, na wazee wa pwani waliziita karata za picha kwa pointi zake: mzungu wa nne ni mfalme, wa tatu ni ghulamu, wa pili ni malkia. Ghulamu kumzidi malkia si kosa la pwani. Katika sueca, mchezo unaopendwa Ureno mpaka leo, hesabu ni hiyo hiyo.

Huku magharibi mpaka wenyewe wa Kenya na Uganda haukuwapo bado. Reli ya kutoka Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901, mji huo ulikuwa Uganda, na Naivasha vilevile. Mwaka 1902 Waingereza waliuhamisha mkoa wa mashariki wa Uganda kuutia upande wa Kenya ya leo, na mstari uliotokea ukawagawa Wateso na Wasamia, ndugu huku na ndugu kule. Njia nyingine ya reli ilipitia Eldoret, ikavuka Malaba kuingia Tororo, ikafika Kampala mwaka 1931.

Hata kabla ya reli kuvuka, kila upande ulikuwa na mchezo na sheria zake. Wajaluo walikuwa na ajua, mistari miwili ya mashimo. Waganda walikuwa na omweso, mashimo 32 katika mistari minne na kete 64. Atakayeketi kwenye omweso kwa akili ya ajua atapokonywa kete zote kabla chai haijapoa.

Karata zilipata nafasi yake mpakani kwa sababu ya kusubiri. Katika miaka ya sitini vijana wa Busia walianza kuwavusha watu kwa baiskeli kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda, wakiita "boda, boda", na kati ya abiria mmoja na mwingine palikuwa na saa za kuua. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kungoja kukawa ndiyo kazi. Trela lilikaguliwa upande huu, likakaguliwa tena ng'ambo, na dereva aliyetoka Mombasa, zaidi ya kilomita 900, alilala chini ya lori lake akingoja mhuri. Drafti huhitaji ubao na visoda. Pakiti ya karata hukaa mfukoni mwa shati, na gunia moja linatosha kuwa meza.

Ila pale kwenye gunia ndipo mpaka unapoonekana wazi kuliko kwenye mto Malaba. Mkenya hucheza Kadi. Kwa kawaida kila mtu hugawiwa nne. Mbili humwokotesha mwenzako karata mbili, tatu humwokotesha tatu, joka tano. Nane na malkia ni maswali, nayo lazima yajibiwe. Ghulamu huruka mtu, mfalme hurudisha mchezo nyuma, ree huzima adhabu au huomba rangi. Anayekaribia kumaliza hutangaza "niko kadi", na hawezi kufunga kwa karata yenye kazi maalumu.

Mganda hucheza Matatu, na jina hilo hapa halimaanishi gari la abiria. Hapa hugawiwa saba. Mbili bado huokotesha, lakini nane na ghulamu humnyima mwenzako zamu, na saba ndiyo panga: saba ya rangi iliyochaguliwa mwanzoni hukata mchezo papo hapo, kila mtu akafungua mkono, pointi zikahesabiwa, na mwenye chache akashinda. Katika Kadi, saba hiyo hiyo ni karata ya kawaida, jibu la swali basi.

Kwa hiyo mpakani karata hazigawiwi kabla ya mkutano. Tunacheza ya nani? Saba inakata au haikati? Ukifunga kwa nane, umefunga? Asiyeuliza mapema huliwa, na hana pa kulalamika.

Kando ya mchezo wa haki palikuwa na pata potea, karata tatu za mjanja wa stendi, ambazo hazina sheria ya upande wowote. Bunge la Kenya lilitunga sheria ya kamari mwaka 1966, lakini stendi zimeendelea kumla mgeni mwenye pesa na haraka.

Mataifa nayo yalirudi kwenye mkutano wao. Mkataba mpya wa Jumuiya ulitiwa saini mwaka 1999, umoja wa forodha ukaanza 2005, na tarehe 24 Februari 2018 Marais Kenyatta na Museveni wakafungua Busia kituo cha pamoja, ambapo maofisa wa nchi mbili hukagua mzigo mara moja. Kungoja kukapungua. Kisha korona ikakurudisha: mwaka 2020, na tena Januari 2022, malori yalisimama makumi ya kilomita kutoka Malaba yakisubiri vipimo. Ilitosha Uganda kudai cheti chake na Kenya iwe na utaratibu wake, foleni ikarefuka.

Siku hizi Matatu umeingia kwenye simu, na dereva anaweza kucheza peke yake ndani ya kebini. Programu huamua yenyewe nini kinakata na nini hakikati. Madereva wa gunia hawakupewa raha hiyo; wao walilazimika kukubaliana, na wakajua mapema jambo ambalo serikali zilichukua miaka arobaini kulifikia: kila upande ubaki na sheria zake nyumbani, mradi mezani ichaguliwe moja, na ichaguliwe kabla ya karata kugawiwa.