Waya Usiobeba Sauti

Januari 1983, kwenye maonyesho ya biashara ya ala za muziki ya NAMM huko California, vinanda viwili vya kampuni zinazoshindana viliunganishwa kwa waya mmoja: Prophet-600 ya Sequential Circuits, Marekani, na Jupiter-6 ya Roland, Japani. Kimoja kilipobonyezwa, kingine kililia.

Awali vinanda vya umeme vilielekezana kwa volti, na kila kampuni ilikuwa na hesabu yake. Kwa Roland, kila volti moja iliyoongezeka ilipandisha sauti oktava moja. Kwenye MS-20 ya Korg, kupanda oktava kulitaka volti iongezeke maradufu. Ukiviunganisha hivyo hivyo, tuni inavurugika. Mwanamuziki aliyeanza na kampuni moja alijikuta akiendelea kununua hapo hapo.

Mwaka 1981 Ikutaro Kakehashi, mwanzilishi wa Roland, alimpelekea Tom Oberheim wazo la kuwa na lugha moja. Dave Smith wa Sequential akalidaka, na Novemba mwaka huo yeye na Chet Wood wakawasilisha pendekezo mbele ya wahandisi wa sauti. Kampuni nyingi za Marekani zilikaa pembeni. Waliomaliza kazi ni Sequential pamoja na Roland, Yamaha, Korg na Kawai. Lugha hiyo ikaitwa MIDI.

Waya wake haubebi sauti hata kidogo. Hubeba maagizo: noti namba 60 imebonyezwa, kwa nguvu kiasi hiki, sasa imeachiwa. Ala inayopokea ndiyo huamua iwe piano, filimbi au ngoma. Plagi ina pini tano, lakini tatu tu ndizo zilizopewa kazi. Upande wa kupokea, ishara hugeuzwa kuwa mwanga kisha umeme tena, ili ala hizo mbili zisipitishiane mvumo. Kasi ni biti 31,250 kwa sekunde, hivyo agizo la noti moja huchukua takriban milisekunde moja. Waya mmoja una chaneli 16, na kila ala husikiliza chaneli yake.

Uamuzi mzito zaidi haukuwa wa kiufundi. Wenye MIDI hawakudai ada ya leseni. Mtengenezaji yeyote, hata wa kompyuta, angeweza kuitumia, na ndiyo maana studio ikaweza kuhamia chumbani.

Hata hivyo, waliokaa mezani walikuwa watengenezaji wa vinanda, na noti yao ilikuwa kitufe cha kinanda. Namba zinaanzia 0 hadi 127, na kutoka namba moja hadi nyingine, kwa kawaida, ni nusu toni. Taarab ya Zanzibar ilirithi kutoka Misri maqamu zenye hatua zinazoangukia katikati ya vitufe hivyo. Mpiga fidla huzifikia kwa kusogeza kidole. Mpiga kinanda hulazimika kupinda sauti kwa gurudumu la pembeni, au kupanga tuni ya kinanda chake upya. Inawezekana, ila kwa kupitia mlango wa uani.

MIDI 2.0, iliyopitishwa mwaka 2020, inaruhusu kila noti ipewe kimo chake yenyewe. Ilichukua miaka 37. Kakehashi alikuwa amefariki mwaka 2017. Smith alimfuata mwaka 2022. Prophet-600 iliyo nzima bado inapokea maagizo ya vinanda vya leo, na bado inahesabu kwa nusu toni.