Mwenye Hisa na Ujira wa Msimamizi

Hapana shughuli ya watu wengi isiyozaa swali hili: anayesimamia mali ya wenzake alipwe nini, na nani apange malipo hayo? Swali hudhaniwa kuwa la miji mikubwa yenye mabenki na masoko ya hisa, lakini hata Ikola, kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika mkoani Katavi, linajulikana. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza, taa zikiwaka juu ya maji; asubuhi samaki huuzwa, gharama ya mafuta hutolewa kwanza, na kinachosalia hugawanywa baina ya mwenye chombo na wavuvi wake. Mgawo huo waweza kuwa mchungu, lakini ni mgumu kufichwa, kwa kuwa kila aliyevuta wavu ameyaona mavuno kwa macho yake. Historia ya nchi ile yaonyesha jambo litokealo macho hayo yanapoondolewa.

Kusini ya Ikola, katika mwambao ule ule, uko mji wa Karema. Hapo ndipo Kapteni Cambier, Mbelgiji, alipojenga kituo mwaka wa 1879 kwa niaba ya Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, iliyoundwa Brussels mwaka wa 1876 chini ya Mfalme Leopold wa Pili. Jumuiya ilikuwa na jina la mataifa mengi, lakini usukani ulikuwa mkononi mwa mtu mmoja. Mwaka wa 1878 mfalme huyo aliunda kamati nyingine kwa ajili ya Kongo, na wafanyabiashara na wenye mabenki wakatia fedha zao ndani yake. Mwaka uliofuata aliwarudishia fedha, kamati ikavunjwa, kazi ikaendelea. Wenye fedha hawakupata hasara ya mali. Walichokipoteza ni haki ya kuuliza. Mwaka wa 1885 Karema ilikabidhiwa kwa Mapadre Weupe, na ng'ambo ya ziwa Leopold akawa mwenye Dola Huru ya Kongo, ambamo watu wengi waliteswa na kuuawa kwa ajili ya mpira. Haiwezi kudaiwa kwamba wafanyabiashara wale wangekuwa na huruma kuliko mfalme. Yatosha kusema kwamba hakubaki hata mmoja aliyekuwa na mamlaka ya kudai hesabu.

Mfano wa pili watoka Mpanda. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kampuni ya Uruwira Minerals ilichimba madini ya risasi huko, na reli kutoka Kaliua ilifika Mpanda mwaka wa 1950. Mgodi ulifungwa mwaka wa 1960. Katika kampuni ya namna ile kura hufuata hisa, wala haifuati jasho. Aliyeshika sururu hakuwa na sauti katika mkutano wa wenye hisa, ijapokuwa mgodi ulipofungwa yeye ndiye aliyebaki bila kazi.

Ushirika ulikuja na kanuni tofauti. Chini ya sheria ya vyama vya ushirika ya mwaka wa 1932, chama cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro kiliandikishwa mwaka wa 1933, na vingine vikafuata. Msingi wake ni kwamba mwanachama mmoja ana kura moja, awe na mibuni kumi au elfu. Hata hivyo kamati maalumu ya uchunguzi ya mwaka wa 1966 ilikuta upungufu mkubwa: wanachama wengi hawakuwa na habari za kutosha juu ya vyama vyao, watumishi wenye ujuzi walikuwa wachache, na demokrasia katika vyama vikuu ilikuwa dhaifu. Kura ilikuwepo; maarifa ya kuitumia hayakuwepo. Wahenga walilijua hilo waliposema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Mwaka huo huo, mwezi wa Oktoba, wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Rais Nyerere aliwafukuza, kisha akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Azimio la Arusha, mwezi wa Februari 1967, lilikwenda mbali zaidi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yoyote, wala asipokee mishahara miwili au zaidi. Hayo yalikuwa matendo ya heshima. Lakini yapasa kutofautisha ujira uliopunguzwa kwa hiari ya mkubwa na ujira uliopunguzwa kwa haki ya mdogo. Kile kilichotolewa kwa hisani chaweza kuondolewa kwa amri. Mwaka wa 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika, na pamoja na makosa ya viongozi ikaondoka kura ya wanachama. Sheria ya mwaka wa 1982 ilivirudisha, na Azimio la Zanzibar la mwaka wa 1991 likalegeza masharti ya viongozi.

Soko la hisa la Dar es Salaam lilipoanza kazi mwaka wa 1998, Mtanzania wa kawaida alipata nafasi ya kuwa mwenye hisa. Uingereza, tangu mwaka wa 2002, sheria ilitaka wenye hisa wa makampuni yaliyo sokoni waipigie kura taarifa ya malipo ya wakurugenzi. Mwaka wa 2003 wenye hisa wa GlaxoSmithKline waliikataa taarifa hiyo, lakini kura yao ilikuwa ya ushauri tu. Sheria ya mwaka wa 2013 ndiyo iliyoipa nguvu ya kulazimisha kura juu ya utaratibu wa malipo.

Basi kura peke yake haitoshi, na hesabu peke yake haitoshi. Karema hapakuwa na wa kuuliza. Mpanda wenye kuumia hawakuwa na kura. Katika ushirika wenye kura hawakuwa na habari. Mvuvi wa Ikola aonaye samaki wakihesabiwa ana nusu ya haki: aijua hesabu. Nusu ya pili ni kauli katika kupanga mgawo, na hiyo haiji kwa hisani ya mwenye chombo.