Namna ya kuondoa mistari isiyotakiwa katika katuni za kompyuta

MCHORAJI anayetengeneza katuni ya basi likipita Same, katika barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Arusha, huhitaji matabaka kadhaa ya picha. Mbele huweka barabara na basi, nyuma yake vilima, kisha Milima ya Pare, na mwisho kabisa anga. Kila tabaka huchorwa peke yake ili lisogezwe kwa kasi yake: barabara hupita upesi, milima hwenda polepole, na mtazamaji hujiona yumo safarini.

Hata hivyo, kazi inapokamilika, mara nyingi huonekana mstari mwembamba pale kilima kinapokutana na mlima, ingawa hakuna aliyeuchora. Katika picha moja hiyo ni kasoro ndogo. Katika katuni yenye picha 25 kwa sekunde, mstari huo hutokea na kutoweka, na jicho la mtazamaji huufuata huo badala ya hadithi. Kwa katuni za kufundishia watoto, ambazo Watanzania wamezizoea tangu Ubongo Kids ilipoanza kuonyeshwa mwaka 2014, jicho likipotea na somo hupotea.

Chanzo cha mstari

Picha ya kompyuta imejengwa kwa vipande vidogo vya mraba viitwavyo pikseli. Ili mteremko wa mlima usionekane kama ngazi, programu hulainisha ukingo kwa kuzijaza pikseli za mpakani kwa sehemu tu.

Iwapo kilima kimejaza nusu ya pikseli na mlima nusu iliyobaki, mtu angetarajia pikseli hiyo ijae. Haiwi hivyo. Tabaka la kwanza hufunika asilimia 50 ya anga. La pili hufunika nusu ya kile kilichosalia, yaani asilimia 25. Robo ya rangi ya anga hubaki ikipenya, na hiyo ndiyo mstari.

Tiba yake

Dawa ya kwanza ni kutokata tabaka la nyuma pale la mbele linapoanzia. Katika maumbile, Mlima Shengena wenye kimo cha mita 2,462, ambao ni mrefu kuliko yote ya Pare, haukomi pale kilima cha mbele kinapouficha. Mchoraji naye auendeleze mlima wake chini ya kilima. Kwa picha isiyosogea, pikseli chache zatosha. Kwa matabaka yanayosogea, sehemu iliyofichwa izidi umbali wa mwendo wake.

Pale ambapo vipande lazima vikutane bila kupandiana, kama viraka vya nguo, huwekwa chini yake tabaka jingine lenye rangi inayofanana navyo.

Wanaochora kwenye karatasi na kuingiza picha kwa skana hupata kasoro nyingine: utando mweupe kuzunguka mhusika. Huo ni weupe wa karatasi uliochanganyika na pikseli za ukingoni. Huondolewa kwa kupunguza ukingo wa picha kwa pikseli moja au mbili, au kwa kuieleza programu, kama ina nafasi hiyo, kwamba picha ilikatwa kutoka katika rangi nyeupe. Nakala ya awali ihifadhiwe kabla ya kukata.

Mistari ya maungio hutokea pia mhusika anapofifishwa. Mkono na kiwiliwili vikififishwa kila kimoja peke yake, sehemu vilipopandiana hukolea. Viungo vyote viwekwe kwanza katika kundi moja, kisha kundi zima ndilo lifififishwe.

Kuhakiki kabla ya kukabidhi

Njia rahisi ya kuhakiki ni kuweka kwa muda rangi nyekundu kali mahali pa anga. Kila penye upenyo patajitangaza kwa wekundu. Picha itazamwe kwa ukubwa wake kamili, kwa kuwa ikipunguzwa kwenye kioo programu inaweza kuonyesha mistari isiyokuwamo katika kazi yenyewe.

Hatimaye zitolewe sekunde chache na kutazamwa kwenye televisheni kabla ya kutoa katuni nzima. Kuziba upenyo mmoja mapema ni kazi ya dakika chache. Kuutafuta baada ya katuni ya dakika 10 kukamilika ni kupekua picha 15,000.