Mtu Mrefu na Mpira Usiomfikia

Ukisimama pwani ya Bodo, mahali watu wanapopanda mashua kuvukia kisiwa cha Funzi, utaona jambo ambalo kila mtoto wa huko hulijua kabla hajaenda shule. Mlingoti ni mrefu. Lakini bila tanga na kamba, na bila mabaharia wa kuzivuta kamba hizo, mlingoti ni mti tu. Nakuomba, msomaji, ulikumbuke hilo tunapoitazama historia ya mtu mrefu katika mpira wa kikapu, hasa katika vyuo vya Marekani.

Mchezo huu ulibuniwa na mwalimu James Naismith, huko Springfield, Massachusetts, mwezi wa Desemba 1891. Alitundika vikapu vya matunda kwa urefu wa futi 10, na urefu huo haujabadilika mpaka leo. Kikapu kikiwa juu hivyo, hapana budi mtu mrefu apate faida, na watunga sheria hawakukawia kumzuia. Katika miaka ya 1930 alikatazwa kukaa zaidi ya sekunde 3 katika eneo lililo mbele ya kikapu cha adui. Mwaka 1944 vyuo vilikataza kuuzuia mpira unaoshukia kikapuni, maana majitu kama George Mikan wa DePaul waliufuta kama mtu afutaye nzi. Mwaka 1956 eneo lile likapanuliwa kutoka futi 6 hadi 12. Hivyo mchezaji wa kati akasukumwa mbali, na kuanzia hapo urefu peke yake haukutosha: sharti wenziwe wajue kumfikishia mpira.

Ugumu wa kazi hiyo ulidhihirika tarehe 23 Machi 1957, mjini Kansas City. Chuo Kikuu cha Kansas kilikuwa na Wilt Chamberlain, mwenye futi 7 na ushei. Wapinzani wao, North Carolina, walikuwa hawajashindwa hata mara moja mwaka ule. Mwalimu wao, Frank McGuire, alimtuma Tommy Kearns, aliyekuwa mfupi kuliko wenziwe wote walioanza, aruke na Chamberlain kuugombea mpira wa kwanza. Ilikuwa dhihaka, nami naiona ya werevu. Kisha wakamzingira yule jitu ili mpira usimfikie kwa urahisi. Muda ukaisha wakiwa sawa. Ukaongezwa mara tatu. Sekunde za mwisho kabisa, North Carolina wakiongoza 54 kwa 53, watu wa Kansas walimrushia Chamberlain mpira. Joe Quigg akaupiga kwa mkono ukiwa hewani, na mchezo ukaisha. Chamberlain alikuwa amepata pointi 23, akatajwa mchezaji bora wa mashindano. Lakini mpira mmoja uliotakiwa kumfikia haukufika.

Je, kosa lilikuwa la aliyerusha? Si lake peke yake. Mpira humfikia mtu wa kati iwapo wawili wamefanya kazi: mrushaji aliyetafuta pembe nzuri, na mpokeaji aliyemweka adui nyuma ya mgongo wake, magoti yamekunjwa, mkono umenyoshwa kuonyesha mahali anapoutaka. Wenzao nao wasimame mbali, wawe wapigaji wa kuogopwa, ili walinzi wasithubutu kuwaacha. Walimu wengi, nami ni mwalimu, humsimamisha mvulana mrefu chini ya kikapu kisha wakamsahau.

Afrika Mashariki ina mfano wake. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, mwenye mita 2.21, alianza mchezo huu akiwa kijana wa shule, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut mwaka 2006. Katika ulinzi alitisha tangu mwanzo. Katika mashambulizi alijifunza polepole: mwaka wa kwanza alipata wastani wa pointi 6.2 kwa mchezo, mwaka wa tatu 13.6.

Tarehe 16 Februari 2009, siku aliyotimiza miaka 22, alikutana na DeJuan Blair wa Pittsburgh, aliyekuwa mfupi kwake kwa sentimita 20 hivi. Blair alimsukuma kwa nyonga na mgongo, akamtangulia kila mahali penye faida. Alipata pointi 22 na kudaka mipira 23 iliyorudi kutoka kikapuni. Thabeet akapata pointi 5 na mipira 4. Pittsburgh wakashinda 76 kwa 68. Yafaa uzitazame tarakimu hizo vizuri, kwani hapo aliyepata nafasi kwanza alimshinda aliye mrefu.

Hata hivyo waliotoa tuzo ya mchezaji bora wa ligi yao, iitwayo Big East, waliwagawia wawili hao pamoja. Mwezi wa Juni mwaka huo klabu za kulipwa zilipochagua vijana, Thabeet alichukuliwa wa pili na Memphis, Mtanzania wa kwanza kuingia katika ligi ile. Blair, ambaye magoti yake yalitiliwa shaka, alingoja mpaka nafasi ya 37.