Beleshi Halimfanyi Mtu Kuwa Mkandarasi

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya swali ambalo watu wa kodi wanalijua sana, lakini wafanyakazi wengi hulitambua wakiwa wameshazeeka. Mtu anayefanya kazi kwa tajiri ni mwajiriwa wake, au ni mkandarasi anayejitegemea?

Uzito wa swali hili ulionekana wazi huko Topeka, mji mkuu wa jimbo la Kansas, Marekani. Miaka ya 1930 Albert Silk alikuwa na yadi ya kuuza makaa ya mawe. Makaa yalifika kwa mabehewa ya treni. Watu walikuja yadini wapendapo, wakaonyeshwa behewa la kupakua, wakalipwa kwa tani. Sururu na mabeleshi yalikuwa yao wenyewe. Wengine walikuwa na malori yao, wakipeleka makaa kwa wateja, nao wakilipwa kwa tani.

Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya mwaka 1935 ilikuwa imeleta pensheni ya uzeeni. Kuanzia 1937 mwajiri alichangia asilimia 1 ya mshahara, na mwajiriwa asilimia 1. Aliyejitegemea hakuwamo kabisa mpaka mwaka 1951. Kwa hiyo jina hilo la mkandarasi lilimpunguzia tajiri kodi, na papo hapo likamnyima mpakuaji pensheni.

Silk alitozwa kodi ya miaka ya 1936 hadi 1939, naye akaenda mahakamani kudai arudishiwe. Mahakama za chini zilimkubalia. Lakini Juni 1947 Mahakama ya Juu ya Marekani iliwatenganisha watu wale. Mwenye lori ana mtaji, gharama na wasaidizi huwalipa mwenyewe, na anaweza kupata faida au hasara, huyo anajitegemea. Mwenye beleshi hana cha kutegemea ila nguvu za mikono yake. Huyo ni mwajiriwa.

Mimi naona kipimo hicho kilikuwa cha haki. Hata hivyo, mwaka 1948 Bunge la Marekani lilirudisha kipimo cha zamani, kinachoangalia zaidi nani anamwamuru nani kazini. Rais Harry Truman aliikataa sheria hiyo, Bunge likaipitisha bila ridhaa yake.

Hapa Tanzania, katika mambo ya kazi, Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inamhesabu mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, likiwapo hata jambo moja kati ya yaliyotajwa. Mojawapo ni kupewa vifaa vya kazi. Jingine ni riziki yake kumtegemea yule anayemfanyia kazi.

Basi ndugu yangu, ukiletewa mkataba unaokuita mkandarasi, usikimbilie kutia saini kwa kufurahia cheo. Uliza kwanza: hasara ikitokea ni ya nani? Na nikizeeka, ni nani atakuwa amechangia pamoja nami?

Tukutane wiki ijayo.