Moshi ambao haukutoka Olkaria ni mali ya nani?

Ukitaja krediti za kaboni hapa Kenya, wengi wanafikiria msitu, ama nyasi za wafugaji kule kaskazini. Lakini kuna zingine zinatoka kwa mvuke, hapa Olkaria, nyuma tu ya Ziwa Naivasha. Hesabu yake si ngumu. Stima ya mvuke ikiingia kwa gridi, mitambo ya mafuta inachoma kidogo. Kila tani ya kaboni ambayo haikwenda hewani inaandikiwa cheti, na cheti kina mnunuzi ng'ambo. Kwa hivyo kisima kimoja kinauza vitu viwili: stima, na moshi ambao haukutoka.

Stima tunajua ni ya nani. Ni ya KenGen, na pale Olkaria III ni ya OrPower 4. Mimi nauliza kuhusu hicho kitu cha pili.

Marekani wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wana ubishi unaofanana na huu. Mavi ni ya mfugaji, mtambo wa biogesi mara nyingi ni wa kampuni, sasa cheti kiende wapi? Tofauti ni kwamba yule mfugaji ana shamba lenye jina lake. Hakuna anayeweza kumruka wakati wa kuandika mkataba.

Olkaria mambo hayakuenda hivyo. Jina lenyewe ni la Kimaasai, ule udongo mwekundu wa kujipaka. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ilifanya mkataba na Olonana, Wamaasai wakaondolewa nyanda hizi za Bonde la Ufa ili walowezi wapate malisho. Wengine wakapelekwa Laikipia. Mwaka 1911 ukaja mkataba wa pili, na Laikipia nayo ikachukuliwa. Walienda kortini, na mwaka 1913 kesi ikatupwa: eti ile mikataba ilikuwa kati ya dola mbili, korti haina mamlaka. Yaani wewe ni dola siku ya kutia sahihi, halafu unakuwa raia wa kutawaliwa siku ya kulipwa.

Mvuke ulianza kutafutwa miaka ya 1950. Visima viwili vya kwanza havikuzaa matunda. Mtambo wa kwanza, megawati 15, uliwashwa 1981, na kufikia 1985 Olkaria I ilikuwa na megawati 45. Katikati ya hapo, 1984, eneo la Hell's Gate likafanywa mbuga ya taifa. Kwa mfugaji hiyo ni mipaka miwili mipya ndani ya miaka michache, wa mabomba na wa wanyama.

Pesa za kaboni zilikuja na upanuzi wa Olkaria II, ule mtambo wa tatu wa megawati 35 uliokamilika 2010. Mnunuzi alikuwa mfuko wa Benki ya Dunia ambao sharti lake lilikuwa jamii jirani ifaidike pia. Wazo zuri, sikatai. Lakini muuzaji alikuwa KenGen, na jirani akawa mtu wa kupokea miradi. Hapo ndipo tulipopotea njia, kwa sababu ukipewa kitu kama msaada huwezi kuuliza kiliuzwa bei gani.

Halafu 2014. Ili Olkaria IV ijengwe, vijiji vinne vikahamishiwa mahali panapoitwa RAPland. Hilo jina si la Kimaasai wala la Kiswahili. Ni herufi za kwanza za mpango wa kuhamisha watu, kwa Kiingereza. Watu wanaishi ndani ya jina la faili! Mwaka huohuo wakazi wakapeleka malalamiko Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, jopo la ukaguzi likakuta kasoro, na ikabidi kuwe na usuluhishi.

Sheria zetu zimeanza kusogea. Sheria ya Kawi ya 2019 inagawa mrabaha wa mvuke hivi: serikali kuu asilimia 75, kaunti 20, jamii 5. Sheria ya tabianchi iliyorekebishwa 2023 inasema mradi wa kaboni unaotegemea ardhi uipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka baada ya gharama, na usiotegemea ardhi asilimia 25.

Najua kampuni ilitoa mtaji, na kuchimba si mchezo, kisima kinaweza kukosa mvuke kabisa. Walipwe hiyo hatari. Lakini jina la jamii liandikwe kwenye cheti kama mwenye hisa, na mkataba usomwe kwa Kimaa kabla ya mtu kutia sahihi. Na wakili akija kusema mtambo wa mvuke ni chuma na saruji, hautegemei ardhi, kwa hivyo ni 25, apelekwe RAPland aulize ni nini kilichohamishwa 2014.