Meno ya Tairi na Tope la Masika

Pasaka ya 1963 magari 84 yaliondoka kushindana katika East African Safari. Yaliyofika mwisho ni 7. Mwaka 1968 yakaondoka 93, yakamaliza 7 tena, na mara zote mbili washindi walikuwa walewale: Nick Nowicki na Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404. Gari hilo halivuti kwa magurudumu yote manne. Ni saluni ya kawaida inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, ya jamii ileile iliyokuwa ikibeba abiria na mizigo yao katika barabara za vumbi za Kenya na Uganda. Waandaaji walikuwa wameyaweka mashindano sikukuu ya Pasaka, msimu wa masika, na masika hayakuwaangusha.

Anayetaka kuelewa kwa nini mwenye pikapu wa Ifakara au wa Narok huumiza kichwa akifika duka la matairi, na aanzie kwenye udongo. Ule mweusi wa mbuga ukikauka hupasuka nyufa za kuingiza mguu. Ukinyeshewa huvimba, hulainika na kunata. Hujaza nafasi zote kati ya meno ya tairi, na tairi likishajaa tope limekuwa kipara hata kama lilinunuliwa jana. Dawa yake ni meno makubwa yaliyoachana, ili gurudumu likizunguka lirushe tope nje na kushika upya.

Taabu ni kwamba meno hayohayo yakipanda lami hunguruma safari nzima, huyumba kwenye kona, huchelewa kusimama mvua inaponyesha, na huisha upesi kwa kusagwa. Mwenye magari mawili halioni tatizo hili. Mwenye gari moja, linalopeleka watoto shule asubuhi na kuingia shambani kupakia mpunga mchana, analiona kila siku.

Mpira wenyewe una historia nzito katika eneo hili kabla hata tairi la kwanza halijakanyaga tope lake. John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, alipata hataza ya tairi la upepo mwaka 1888. Mskochi Robert William Thomson alikuwa amemtangulia mwaka 1845, lakini wakati huo hapakuwa na baiskeli wala gari la kulihitaji, akasahaulika. Dunlop alikuja wakati wa baiskeli, na kiu ya mpira ikapanda ghafla Ulaya na Marekani. Iliyolipa gharama ni Kongo ya Mfalme Leopold II. Vijiji vilipangiwa uzito wa mpira wa mwituni, wanawake wakashikwa mateka mpaka waume zao walete, na walioshindwa waliuawa au vijiji vyao vikachomwa. Picha za watu waliokatwa mikono zikaenea duniani. Ubelgiji iliichukua nchi kutoka kwa mfalme wake mwaka 1908.

Wajerumani upande wa Tanganyika walipanda miti ya mpira Muheza na chini ya milima ya Usambara. Mwaka 1913 bei iliporomoka, kwa kuwa mashamba ya Malaya na Ceylon yalikuwa yameanza kutoa mpira mwingi na wa bei nafuu, na miti ya Tanga ikaachwa imezwe na pori. Wajapani walipoiteka Malaya mwaka 1942, katika Vita Kuu ya Pili, Waingereza walirudi kuigema miti hiyo.

Vita hiyohiyo ndiyo iliyolizoesha jicho la watu tairi la meno. Jeep la jeshi la Marekani lilivalishwa tairi la kipimo cha 6.00-16, lenye meno mapana yaliyopangwa bila kuelekea upande wowote, ili gari livute sawasawa likienda mbele au likirudi nyuma. Land Rover ilipozinduliwa Amsterdam mwaka 1948 ilisimama juu ya kipimo hichohicho. Kwa miaka mingi baadaye, kwa mkulima, mmisionari au bwana shamba wa Afrika Mashariki, gari la porini lilikuwa na tairi la namna hiyo, na kelele zake kwenye kipande kifupi cha lami cha mjini zilivumiliwa tu.

Ubavuni mwa matairi ya gari la kazi kuna kumbukumbu moja ya zamani hizo ambayo bado inachanganya watu. Ni namba kama 8PR au 10PR. Zamani tairi liliundwa kwa tabaka za nyuzi za pamba, na tabaka zikiongezeka, mzigo nao uliweza kuongezeka. Ikaja rayoni, kisha nailoni yenye nguvu zaidi. Tabaka zikapungua lakini namba ikabaki. 10PR ya leo inasema kwamba tairi linabeba kama ambavyo lingebeba lingekuwa na tabaka 10 za pamba. Muuzaji anayekuapia kwamba zimo kumi ndani huenda hadanganyi kwa makusudi.

Badiliko kubwa zaidi lilitoka Ufaransa. Mwaka 1946 Michelin iliwasilisha hataza ya tairi la radiali. Katika tairi la kale nyuzi hupishana msalaba, tabaka juu ya tabaka, hivyo ubavu huwa mnene na mgumu, unaostahimili mawe na miiba. Ila gari likikimbia, tabaka hizo husuguana na tairi huchemka. Radiali nyuzi zake zimenyooka kutoka ukingo hadi ukingo, na chini ya meno kuna mkanda wa waya wa chuma. Halichemki sana, hudumu zaidi kwenye lami, na ukilipunguza upepo hutandaza mguu mrefu juu ya mchanga au tope. Udhaifu wake ni ubavu: jiwe moja lenye ncha linatosha kulichana. Ndiyo maana radiali lilichelewa sana kukubalika katika barabara mbovu, na waliolikataa hawakuwa wajinga. Tofauti inasomeka mpaka leo kwa alama moja: 7.50-16 ni la kale, 7.50R16, wanalolijua sana wenye Land Cruiser za kazi, ni radiali.

Jinsi barabara hizo zilivyokuwa mbovu ilionekana kuanzia Novemba 1965, Ian Smith alipojitangazia uhuru Rhodesia na Zambia ikakatiwa njia yake ya kusini ya mafuta. Malori yakaanza kusomba mafuta kutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro, mlima Kitonga, Iringa na Mbeya hadi Tunduma, sehemu kubwa ikiwa vumbi kiangazi na utelezi masika. Waandishi wa kigeni waliibatiza njia ya jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilipofunguliwa mwaka 1968 mzigo ulipungua, na lami ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Ni katika kipindi hicho Afrika Mashariki iliamua kujitengenezea matairi. Firestone ilijenga kiwanda Nairobi mwaka 1969. Mwaka huohuo ikaundwa General Tyre East Africa mjini Arusha, Serikali ya Tanzania ikiwa na asilimia 74 ya hisa na kampuni ya General Tire ya Marekani asilimia 26; uzalishaji ukaanza mwaka 1971. Kiwanda cha Arusha kilikuja kuwa na mashamba yake ya mpira, Kihuhwi huko Muheza na Kalunga huko Kilombero, yaani mpira wa Tanga ulirudi kazini mara ya tatu. Mnunuzi hakuwa na uteuzi mpana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, fedha za kigeni zilipokauka, tairi jipya lilikuwa bidhaa adimu, na kuulizia umbo la meno kungekuwa anasa.

Wakati huo Marekani tatizo la mwenye gari moja lilikuwa limepata jibu la biashara. Pikapu ilikuwa imegeuka gari la familia, na mwaka 1976 BFGoodrich ilitoa radiali lililokusudiwa lami na pori kwa pamoja, baada ya kulijaribu kwenye jangwa la Baja. Meno yake yalikuwa ya kati: si ya kufungana kama ya lami, si ya kuachana kama ya tope. Mwaka 1980 likafuata la tope hasa. Alama A/T (la lami na pori) na M/T (la tope) zinazosomwa leo kwenye maduka ya Kariakoo zina asili katika mgawanyo huo.

Arusha ilisimamisha uzalishaji mwaka 2009, na kiwanda cha Nairobi, kilichokuwa kimegeuka Sameer Africa na kutengeneza matairi ya Yana, kikafunga mwaka 2016. Sasa A/T na M/T zinatoka Uchina, India, Thailand na Japani, na mnunuzi mwenye busara hutazama kwanza tarakimu nne za mwisho wa msimbo wa DOT ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililozeeka stoo lina meno mazuri na mpira uliokwisha kukakamaa.

Mwenye gari moja la kazi huishia kuchukua A/T, na kwa anayeshinda kwenye lami na kugusa tope mara chache uamuzi huo ni sahihi. M/T kwake ni kununua kelele. Kundi moja bado linalilia tairi la kale la nyuzi, nalo ni mafundi wa katambuga, viatu vya tairi. Nailoni hukatika kwa kisu. Radiali lina waya, na waya huua kisu kabla haujaanza kumchoma mvaaji unyayo.